Mdaiwa Akiwa Ng'ambo: Jinsi Nyaraka za Mahakama na Ushahidi Vinavyovuka Mpaka

Biashara ya ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, inagusa nchi nyingi kuliko inavyoonekana kwa macho. Pampu inayovuta maji kwenye duara, karasha inayosaga mawe mwaloni, ditekta ya mchimbaji mdogo na kemikali za uchenjuaji hutengenezwa nje ya nchi, na siku hizi mara nyingi huagizwa moja kwa moja kwa simu ya mkononi. Ununuzi unapokwenda vizuri, umbali hauonekani. Unapoharibika, umbali huo hugeuka kuwa swali la kisheria: je, mahakama ya Tanzania itamfikiaje mtu asiye Tanzania?

Makala haya yanamweleza mlaji namna nyaraka za mahakama zinavyomfikia mdaiwa aliye nje, namna ushahidi ulioko nje unavyokusanywa, na mambo ya kufanya mapema ili haki isipotee njiani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, kimechanga shilingi milioni 38 na kuagiza karasha kutoka kampuni ya ng'ambo iliyotangaza bidhaa zake mtandaoni. Mashine inafika ikiwa na mota ndogo kuliko iliyoahidiwa, na inasimama ndani ya wiki mbili. Muuzaji anaacha kujibu ujumbe. Kikundi kinakwenda kutafuta ushauri ili kifungue shauri, na swali la kwanza wanaloulizwa halihusu mota. Wanaulizwa: mdaiwa anaitwa nani hasa, na anapatikana wapi? Walichonacho ni jina la biashara, picha ya ghala na namba ya WhatsApp.

Wana madai ya kweli, lakini hawana pa kuyapeleka. Hasara ya namna hii ni rahisi kuizuia kabla ya malipo, na ni ngumu sana kuitibu baada yake.

Kwa nini kufikishwa kwa wito ni jambo zito

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama. Haki hiyo inamlinda mdai na mdaiwa kwa usawa. Mtu hawezi kusikilizwa katika shauri asilolijua. Ndiyo maana hati ya wito, ambayo wengi huiita samansi, pamoja na hati ya madai, lazima zimfikie mdaiwa kwa njia inayokubalika kisheria, na mahakama ipate uthibitisho kwamba zimemfikia.

Ndani ya nchi kazi hiyo hufanywa na msambaza nyaraka wa mahakama, ambaye baada ya kuzifikisha huapa kiapo kueleza siku, mahali na namna alivyozikabidhi. Lakini mamlaka ya mahakama huishia mpakani. Ofisa wa mahakama ya Geita hana uwezo wa kisheria wa kubisha hodi katika ofisi ya Guangzhou, kama vile ofisa wa mahakama ya London asivyo na uwezo wa kumwamuru mkazi wa Kahama kufika mbele yake. Kila nchi hulinda mamlaka yake. Kwa sababu hiyo mahakama za nchi mbalimbali huombana msaada, na ombi hilo lina utaratibu.

Mlaji anaweza kujaribiwa kuona utaratibu huu kama urasimu. Ukweli ni kwamba unalinda ushindi wake. Hukumu iliyotolewa bila mdaiwa kupewa taarifa ipasavyo inaweza kutenguliwa hapa nchini, na mahakama ya nchi ya mdaiwa inaweza kukataa kuitambua pale mdai anapokwenda kukazia hukumu hiyo kwenye mali zilizoko huko. Tanzania nayo hufanya vivyo hivyo: chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, hukumu ya nje iliyopatikana kinyume cha misingi ya haki asili haihesabiwi kuwa imemaliza mgogoro.

Njia ambazo nyaraka hupitia

Amri ya V ya Sura ya 33 ndiyo inayosimamia ufikishaji wa wito katika mashauri ya madai. Kwa lugha nyepesi, mdai anapaswa kuanza na njia fupi kabla ya kufikiria ndefu.

Kwanza, je, mdaiwa ana wakala au ofisi Tanzania? Ikiwa kampuni ya nje ina mwakilishi hapa nchini mwenye mamlaka ya kupokea nyaraka kwa niaba yake, hakuna haja ya wito kuvuka mpaka. Na ikiwa mdaiwa ni kampuni iliyosajiliwa Tanzania, Amri ya XXVIII inaruhusu nyaraka zikabidhiwe kwa katibu, mkurugenzi au ofisa mkuu wa kampuni, au ziachwe au kutumwa kwa posta katika ofisi yake iliyosajiliwa. Taarifa za usajili hupatikana kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

Pili, ikiwa mdaiwa hana wakala nchini, mdai anaiomba mahakama itoe maelekezo ya namna ya kumfikishia wito huko aliko. Maombi hayo huambatana na hati ya kiapo inayoeleza mdaiwa ni nani, yuko nchi gani na anwani yake ni ipi. Hapa ndipo namba ya WhatsApp peke yake inapomwangusha mdai.

Tatu, yapo mazingira ambamo wito hupitia njia ya kidiplomasia. Nyaraka hutoka mahakamani kupitia Msajili wa Mahakama Kuu, zikaenda Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, zikafika ubalozini, zikakabidhiwa mamlaka za nchi husika, na hatimaye kwa mdaiwa. Uthibitisho wa kupokelewa hurudi kwa njia hiyohiyo. Mlaji ajiandae kwa miezi, wala asihesabu kwa wiki. Ajiandae pia kwa gharama za kutafsiri nyaraka katika lugha ya nchi zinakokwenda, maana hati ya Kiswahili haitasomwa na ofisa wa Istanbul.

Zipo nchi zilizorahisisha safari hii kwa mikataba. Mkataba wa The Hague wa tarehe 15 Novemba 1965 unahusu ufikishaji wa nyaraka za mahakama nje ya nchi, na ule wa tarehe 18 Machi 1970 unahusu ukusanyaji wa ushahidi. Kila nchi mwanachama huteua mamlaka moja ya kupokea maombi, hivyo ombi halizunguki balozini. Tanzania si mwanachama wa mikataba hiyo miwili, kwa hiyo mlaji wa hapa hutegemea sheria zetu, njia ya kidiplomasia na ukarimu wa kisheria wa nchi ya pili.

Nne, njia za kawaida zinaposhindikana, mahakama inaweza kuamuru njia mbadala, kwa mfano tangazo gazetini. Jambo la kushika ni kwamba njia mbadala huamriwa na mahakama. Mdai akijituma mwenyewe kumpelekea mdaiwa picha ya samansi kwa simu bila amri, anaweza kukuta kazi hiyo haina thamani yoyote kisheria.

Shimo moja, anwani nyingi

Wakazi wa ukanda huu wana mifano mikubwa ya kwa nini ni lazima kujua mdaiwa ni nani hasa. Mgodi wa Bulyanhulu, uliopo Kahama mkoani Shinyanga, ulikuwa mikononi mwa Sutton Resources ya Kanada kabla ya Barrick Gold, nayo ya Kanada, kuinunua kampuni hiyo mwaka 1999. Mwaka 2010 migodi ya Barrick nchini iliwekwa chini ya kampuni iliyoorodheshwa London, African Barrick Gold, iliyobadili jina mwaka 2014 kuwa Acacia Mining. Mwaka 2019 Barrick ikanunua hisa zote za Acacia ambazo haikuwa nazo, na kisha ikaanzishwa Twiga Minerals, ambamo Serikali ya Tanzania ina asilimia 16. Mwaka 2025 Barrick Gold nayo ikajiita Barrick Mining.

Mgodi wa Geita una historia kama hiyo. Ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mwaka 2004 mmiliki wake akawa AngloGold Ashanti yenye makao Johannesburg. Na tangu Septemba 2023 kampuni mama imesajiliwa Uingereza, hisa zake zikiuzwa hasa New York na makao ya uendeshaji yakiwa Denver, Marekani.

Shimo ni lilelile, na lango ni lilelile, lakini anwani ya kampuni mama imehama bara hadi bara. Mtu mwenye mkataba wa kusambaza chakula, wa kukodisha gari au wa kazi katika mgodi wowote anapaswa kusoma jina lililoandikwa kwenye mkataba wake. Kisheria kampuni tanzu iliyosajiliwa Tanzania na kampuni mama iliyoko nje ni watu wawili tofauti. Ya kwanza hufikiwa kwa siku chache katika ofisi yake iliyosajiliwa. Ya pili huhitaji safari yote tuliyoieleza. Kumshitaki asiye mhusika hupoteza miaka.

Kanuni hiyo humfaa pia mnunuzi wa karasha. Ikiwa mashine ilinunuliwa dukani Kahama au Mwanza, mwenye kuwajibika kwanza kwa mnunuzi ni muuzaji wa duka hilo, hata kama mtengenezaji yuko ng'ambo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaingiza katika mkataba masharti ya ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa matumizi yaliyoelezwa. Usikubali kuambiwa "waandikie waliotengeneza" na mtu aliyepokea fedha yako.

Ushahidi ulioko nje

Wito ukishafika, shauri bado linahitaji kuthibitishwa. Huenda shahidi muhimu ni fundi aliyekagua mashine kiwandani, au nyaraka ziko katika benki iliyopokea fedha. Mahakama ya Tanzania haiwezi kumlazimisha mtu aliye nje kuja kutoa ushahidi, lakini ina njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza imo katika Amri ya XXVI ya Sura ya 33. Mahakama inaweza kumteua mtu wa kumhoji shahidi huko aliko, au kuiandikia mahakama ya nchi hiyo barua ya maombi ili imhoji kwa niaba yake. Barua hiyo hueleza shauri linahusu nini, nani ahojiwe, na aulizwe nini. Nchi nyingi zina sheria za kuitikia maombi haya. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1975 inayoiwezesha mahakama yake kuagiza shahidi atoe ushahidi au nyaraka kwa ajili ya shauri lililoko nchi nyingine. Maombi yanayofaulu ni yale yanayotaja nyaraka mahsusi. Ombi la "barua zote zinazohusu kampuni" hukataliwa.

Njia ya pili ni ya kiteknolojia. Kanuni za mwaka 2021 kuhusu uendeshaji wa mashauri kwa njia ya mtandao zimefungua mlango wa shahidi kusikilizwa kwa mkutano wa video. Kwa shahidi aliye tayari, njia hii ni nafuu kuliko barua yoyote ya maombi. Kwa shahidi asiyetaka, video haisaidii, kwa sababu hakuna wa kumlazimisha kuketi mbele ya kamera.

Hata hivyo ushahidi bora wa mlaji ni ule anaoukusanya hapahapa. Mashine iliyoharibika iko Nyarugusu. Iko mikononi mwake. Ipigwe picha kabla ya fundi kuifungua, ikiwamo bamba lenye namba ya mashine na uwezo wa mota. Ikaguliwe na fundi mwenye sifa, atoe taarifa ya maandishi yenye tarehe na sahihi. Ikiwa tatizo ni kemikali, sampuli inaweza kupimwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Ankara, hati ya benki ya kutuma fedha, hati ya shehena na nyaraka za forodha vitunzwe pamoja. Ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi wa kielektroniki chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini lazima uonekane haukuguswa. Kwa hiyo tunza simu yenyewe, usitegemee picha za skrini peke yake.

Je, si rahisi zaidi kwenda kushitaki hukohuko nje? Wapo waliojaribu. Wakazi wa vijiji vinavyozunguka mgodi wa North Mara, katika Mkoa wa Mara, walifungua madai London mwaka 2013 kuhusu vifo na majeraha, na madai hayo yalimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015 bila kusikilizwa hadi hukumu. Kundi jingine lilifungua shauri Ontario, Kanada, Novemba 2022 dhidi ya Barrick. Kumfikishia wito mdaiwa hakukuwa kikwazo, kwa kuwa makao yake makuu yako Toronto. Hata hivyo Novemba 2024 mahakama ya Ontario ilikataa kulisikiliza, ikiona kuwa mahali panapofaa ni Tanzania. Kila upande ulikuwa na hoja zake, na si kazi ya kijitabu hiki kuzipima. Kwa mlaji, somo ni moja: kupeleka shauri nje hakuhamishi tukio, wala mashahidi walioliona. Mahakama ya ugenini itauliza kwa nini isiwe nyumbani, na jibu linapaswa kuwa tayari.

Iwapo wewe ndiye unayetafutwa

Mlango huu hufunguka pande zote mbili. Mkazi wa Geita anaweza kupokea wito wa mahakama ya nje kwa sababu ya deni, mirathi, ndoa au biashara ya dhahabu, au akaombwa atoe ushahidi katika shauri la nje. Mahakama ya nje ikihitaji msaada wa kumhoji shahidi aliyeko hapa, huiomba mahakama yetu, na shahidi huhojiwa chini ya usimamizi wake.

Ukipokea nyaraka za namna hiyo, fanya mambo haya:

– Andika tarehe uliyozipokea, jina la aliyezileta na ofisi aliyotoka.
– Usitie sahihi kwenye maandishi usiyoyaelewa. Kukiri kwamba umepokea nyaraka ni tofauti na kukubali madai. Hakikisha unachosaini ni kipi.
– Omba tafsiri ya Kiswahili, na mwone wakili au msaidizi wa kisheria mapema.
– Usizipuuze. Ukinyamaza, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa, na ikakufuata kwenye mali uliyonayo nje au hata hapa nchini.
– Ukiwa na shaka kama ni halisi, uliza katika masjala ya Mahakama Kuu iliyo karibu, kama ile ya Shinyanga. Hakuna mahakama inayokutaka utume fedha kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili "shauri lifutwe".

Ikiwa ni wizi wa kimtandao

Pale ambapo "muuzaji" hakuwa muuzaji bali tapeli, njia ni nyingine. Toa taarifa polisi haraka, na iarifu benki yako siku hiyohiyo, kwa kuwa fedha ikishatolewa huko ilikokwenda ni vigumu kuirudisha. Usaidizi baina ya nchi katika makosa ya jinai unasimamiwa na sheria ya mwaka 1991, Sura ya 254, na maombi hupitia kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mlaji hawezi kuyatuma mwenyewe; wajibu wake ni kutoa taarifa kamili na vielelezo.

Kabla ya kulipa

– Pata jina kamili la kampuni, namba yake ya usajili na anwani ya mahali ilipo. Nchi nyingi zina daftari la makampuni linalosomeka mtandaoni. La Uingereza husomwa bure. Jina la mwenye akaunti ya benki lilingane na jina la kampuni.
– Uliza kama ana wakala Tanzania, na jina la wakala liandikwe kwenye mkataba.
– Mkataba utaje nchi ambayo mgogoro utaamuliwa na sheria itakayotumika. Kifungu cha mwisho chenye herufi ndogo kinaweza kukupeleka kwenye usuluhishi ulioko ng'ambo.
– Mkataba utaje anwani, ikiwamo ya barua pepe, ambayo pande zote zinakubali kupokelea taarifa.
– Usilipe fedha yote kabla ya kukagua. Kiasi unachobaki nacho mkononi ndicho dhamana isiyohitaji samansi.
– Angalia muda. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka sita na madai ya madhara yana miaka mitatu. Mazungumzo marefu na muuzaji yanaweza kuumaliza muda huo bila wewe kutambua.

Pa kupata msaada

Kwa malalamiko dhidi ya muuzaji au mwagizaji aliyeko nchini, mlaji anaweza kuifikia Tume ya Ushindani. Kwa ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania. Asiyemudu wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Nenda na nyaraka zako zote, zikiwa zimepangwa kwa tarehe, na juu kabisa weka karatasi yenye jina na anwani ya unayemdai. Bila karatasi hiyo, hatua ya kwanza ya shauri haiwezi kupigwa.